Fimbo Iliyosimama Njiani

Jumamosi, 2 Machi

Nimeupanda ule mlima mkubwa mara kumi na moja, na mara zote nilifika kileleni kabla ya waliokuwa wakiniongoza, nikawasubiri nimekunja nne.

Hivyo ndivyo nilivyowaambia leo watu wa klabu ya matembezi. Lakini daftari hili nimenunuliwa na mjukuu wangu, lina jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na nikilidanganya naona hesabu zitanicheka. Nimeupanda mara moja. Ilikuwa miaka arobaini iliyopita, nimebebeshwa masufuria ya wageni, nikafika kibanda cha kwanza. Hapo tumbo liliniendesha nikashushwa pamoja na takataka. Hizo mara kumi nyingine nimezipanda nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, nashona viatu.

Na si uongo wote. Miaka sita sasa buti zao zinapita mikononi mwangu kila Jumatatu. Nakwangua tope la kila kilima, nawasikiliza wakisimulia, mpaka nikaona na mimi nimefika huko. Leo nimekwenda kujiandikisha. Kinyozi, mwenye kibanda mkabala na changu, akaniuliza mbele ya watu, "Babu, na hayo magoti, unakuja kupanda au kupandwa?" Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Wakapiga makofi. Tangu leo naitwa Mzee wa Kilele. Lakini kiongozi wao, muuguzi mstaafu anayevaa filimbi shingoni kama hirizi, hakupiga makofi. Akasema, "Kama umepanda mara kumi na moja, basi wewe utakuwa mkia."

Nikadhani ni tusi. Kumbe ni cheo.

Jumapili, 3 Machi

Magoti.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua zimeanza. Naandika kazi ya mkia ili nisiisahau.

Mkia hutembea nyuma ya wote na hampiti mtu yeyote. Muuguzi, aliye mbele, akifika njia panda hulaza tawi kwenye njia isiyo yetu. Hiyo inaitwa kufunga njia. Mkia akishahakikisha wote wamepita, hulitupa tawi pembeni ili wakata kuni wasisumbuke. Hiyo ni kufungua.

Na mtu akibanwa na haja, huichomeka fimbo yake wima katikati ya njia kisha huingia kichakani. Fimbo ikisimama, mwenyewe yupo. Mkia akiikuta husimama hapo hapo, hugeuza uso upande wa pili na kusubiri, hata ikiwa mvua inamwagika ndani ya shingo.

Nikamuuliza muuguzi, "Na mkia mwenyewe akibanwa?"

"Mkia hana haja," akasema.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepata koti la mvua. Mama Cherehani ameshona moja kwa kila mwanachama kwa turubai jekundu, ili tuonekane kwenye ukungu. Nikilivaa nafanana na nyanya iliyozeeka, lakini maji hayapiti.

Huyu Mama Cherehani ni shemeji yangu kwa njia ya urafiki. Marehemu mumewe alikuwa mtu wangu sana, tulichokozana miaka ishirini. Ana chumba kimoja mtaa wa nyuma, cherehani dirishani na kitanda ukutani, anajitegemea kwa kila kitu. Miaka mitatu anajiandaa kwa safari ya mlima mkubwa ambayo klabu hufanya mvua zikiisha, mwisho wa Mei. Ametimiza sitini na mbili na miguu yake ni ya mbuzi.

Leo alitafuta miwani yake mkoba mzima. Ilikuwa kwenye paji la uso. Tukacheka sote, yeye akacheka kuliko wote. Binti yake, karani wa ofisi fulani, alikuwa amekuja kumchukua. Yeye peke yake hakucheka.

Jumamosi, 23 Machi

Tope. Nimeanguka mara mbili na nimesema nilikuwa nakagua udongo.

Jumapili, 31 Machi

Haya ni ya jana. Jana mikono ilikataa kalamu.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, kinyozi aliniuliza kwa sauti ya kuitisha mkutano, "Mzee wa Kilele, ule mlima una vibanda vingapi njiani?"

"Vinne."

"Vitatu, babu."

"Cha nne walijenga kwa ajili yangu."

Watu walicheka, lakini walicheka upande wake. Nikaliweka moyoni. Ndiyo, mzee mzima mwenye wajukuu.

Ukungu ulikuwa mzito kama uji. Baada ya kilima cha pili nilikuwa nimebaki nyuma peke yangu, miwani iko mfukoni kwa kuwa haikunisaidia kitu, nikakuta fimbo imesimama njiani. Fimbo za klabu zote alizikata kinyozi kutoka mti mmoja, zinafanana kama meno. Nami nilijua kinyozi anaumwa tumbo. Alikuwa ameshaingia kichakani mara mbili. Nikajiambia, leo utaitafuta fimbo yako mpaka umwite mama yako.

Nikaing'oa. Nikaificha chini ya koti nikaenda zangu, nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nilipofika njia panda, tawi la muuguzi lilikuwa limefunga njia ya kushoto, ile inayoteremka korongoni. Nikalitupa. Niliwaza hivi: kinyozi anazijua njia hizi kama wembe wake, hahitaji tawi. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na nimeliandika neno kwa neno ili nilione.

Nikawakuta wenzangu wamejikinga chini ya mwamba wanakunywa chai. Na kinyozi alikuwa amekaa katikati yao, kikombe mkononi.

"Mzee wa Kilele! Umechelewa, au ulipitia kibanda cha nne?"

Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti, umeshika ile fimbo. Kidole gumba kikapapasa chini ya kishikio kikakuta uzi. Uzi umezungushwa, umebanwa, mizunguko sita au saba, kazi safi ya mtu anayejua kushona.

Muuguzi alikuwa anahesabu vichwa. "Tuko kumi na wawili. Nani hayupo?"

"Mama Cherehani."

"Mkia, umemwacha wapi?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pake. Maneno matatu tu yangetosha: nimechukua fimbo yake. Nilikuwa nayo mkononi! Lakini wote walinitazama, kinyozi naye alinitazama, nikasema, "Sijamwona. Sijakuta fimbo yoyote. Nilidhani wote mko mbele, nikafungua njia."

Kisha nikasema naenda kuchungulia, nikazunguka mwamba, nikaitupa fimbo bondeni. Niliisikia ikigonga majani, ikanyamaza.

Wengine walitaka kurudi kwa njia tuliyokuja nayo. Mimi nikasema, "Kushoto. Korongoni." Wakanifuata, wakidhani ni hisia za mtu aliyepanda mara kumi na moja.

Tulitafuta saa tatu kwenye mvua, tukiita mpaka sauti zikakauka. Ni koti jekundu lililomwokoa, nami ndiye niliyeliona kwanza. Alikuwa chini kabisa, karibu na kijito, ameegemea jiwe, mkono wa kushoto umevunjika kwenye kifundo, midomo imekuwa ya kijivu. Hakulia. Alisema tu, "Nilichomeka fimbo. Nilipotoka haikuwepo. Nikajua mmeniacha, nikakimbia niwafikie."

"Pole, mama," muuguzi akasema, akimfunga mkono kwa vijiti. "Mkia hakukuta fimbo."

"Nilichomeka."

"Sawa, mama. Tulia."

Nikammiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yangu. Akakishika kwa ule mkono mzima, hakukiachia njia nzima. Akaingia nacho hospitali.

Jumatatu, 1 Aprili

Watu wameleta viatu visivyo na kasoro ili tu wanisalimie. Aliyemwona Mama Cherehani kabla ya wote! Kinyozi amevuka barabara akanipa mkono. "Babu, nimekutania sana. Leo nakuvulia kofia."

Ningefurahi kama angenichapa na hiyo kofia.

Jumatano, 3 Aprili

Binti yake karani amekuja kibandani. Ameniletea sweta, zito, la kijani, na vifungo vya mbao. "Baba, bila wewe mama angekufa."

Nikasema si kitu. Akakaa kwenye benchi la wateja akaanza kueleza bila kuulizwa. Mama anaanza kusahau. Kwanza miwani. Mwezi uliopita aliacha ufunguo mlangoni. Sasa fimbo, tena njia aliyoipita mara ishirini ameipotea. "Na kinachoniumiza, baba, ni kwamba anabisha. Anakumbuka kabisa kitu ambacho hakukifanya."

Nilikuwa na msumari mdomoni. Niliendelea kuung'ata.

Sweta nimelining'iniza nyuma ya mlango. Sijalivaa.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kumwona. Mkono uko kwenye plasta, hawezi kusukuma kitambaa, cherehani limefunikwa shuka.

Tulizungumza habari za mvua. Halafu akanitazama usoni. "Shemeji, wewe hunidanganyi. Tangu enzi za marehemu umenitania, lakini hujanidanganya. Uliiona fimbo yangu?"

Ile ya mwambani naweza kusema ilinitoka kwa hofu. Hii niliichagua. Nilikuwa nimekaa, nimekunywa maji, hakuna aliyenikimbiza.

"Sikuiona, shemeji."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. "Basi ndiyo hivyo," akasema. "Basi imeanza."

Jumanne, 9 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Kikao cha klabu. Muuguzi ameamua Mama Cherehani asiende mlima mkubwa. Alisema kwa upole na machozi yalimlengalenga. "Mtu anayesahau fimbo kwenye kilima hiki, kule juu atasahau kuvaa viatu." Aliuliza kama kuna mwenye neno. Nikasikia mvua juu ya bati.

Mimi je? Mimi ninakwenda. Mkia.

Alhamisi, 18 Aprili

Nilimpitia jioni kabla giza halijaingia. Chumba kimejaa vikaratasi. Amevibana kwa pini za kushonea kwenye pazia, kwenye shuka, kwenye mto. "Nimezima jiko." "Dawa ya asubuhi nimekunywa." "Ufunguo uko kwenye kopo." Kwenye mfuko wa koti jekundu kuna kimoja kimeandikwa kwa herufi kubwa: "CHOMEKA FIMBO."

Aliona ninakisoma. Akacheka kidogo, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa hajavaa vizuri. Aibu yangu ndiyo aliyoivaa yeye, na mimi nimekaa pale nimevaa heshima yake.

Binti amesema mkono ukipona asirudi kwenye kazi. Jumamosi ya tarehe nne Mei anamhamishia kwake, ghorofa ya tatu, na cherehani litakwenda kwa mtu mwingine. "Atapumzika," anasema binti.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo klabu ilikwenda upande wa mashariki. Niliwaambia naumwa. Nikaenda peke yangu kwenye ule mwamba.

Nilikuwa na mpango, na nilipoupanga kitandani ulionekana mzuri sana. Nitaitafuta fimbo, nitaileta, nitasema maji yaliisomba. Yeye atajua aliichomeka, mimi nitabaki na sweta. Mpango wa mtu aliyeishia darasa la sita, na hata hilo la sita nililala.

Kuteremka lile bonde kulinichukua asubuhi nzima. Nilishuka kwa makalio, siwezi kuandika vingine. Niliteleza, nikashika miiba, nikateleza tena. Chini nikaikuta imenaswa kwenye kichaka, imevimba maji, uzi bado umeshika. Ni mwekundu. Niliuhesabu mizunguko: saba. Nikakaa kwenye tope nimeipakata, nikamwona marehemu rafiki yangu kwa akili yangu, ameweka mikono kiunoni, ananitazama. Hakusema kitu. Enzi zake hakukosa la kusema.

Kupanda kurudi juu ndiko kilele pekee nilichowahi kukifikia.

Jumapili, 21 Aprili

Mpango umekwenda vibaya kuliko kuumwa.

Nimempelekea fimbo. Nikaeleza maji, mvua, mteremko. Akaipokea kwa mkono mmoja, akaupapasa uzi, uso ukafunguka. "Si nilisema? Nilichomeka!"

Binti yake alikuwa hapo anakunja nguo. "Mama, ameikuta wapi? Chini ya mwamba. Huko ni mbele ya njia panda, hukufika huko siku ile. Ina maana uliiangusha mapema, au uliitupa, ukaenda bila kujua umekwenda wapi."

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Labda haikukaa vizuri ardhini, shemeji."

Uso ule ulijifunga tena mbele yangu. Aliiegemeza fimbo ukutani polepole sana, akachukua kikaratasi, akaandika kitu, akakibana. Sikusoma.

Jumatano, 24 Aprili

Nimeshona soli mbili kinyume.

Jumamosi, 27 Aprili

Tulitembea. Nilikuwa mkia. Nilikuta fimbo moja imesimama, nikasubiri karibu nusu saa mgongo umegeuka. Kinyozi alipotoka akashangaa. "Babu, mvua yote hii? Si ungetangulia tu, mimi najua njia."

Nilimtukana. Tusi kubwa, halistahili kuandikwa kwenye daftari la shule. Halafu nikalia, nikasema ni mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Nimesema.

Nilifika wanatoa mizigo. Binti ameleta gari na wapagazi wawili. Cherehani lilikuwa tayari limetolewa mlangoni, limefungwa kamba kama mshitakiwa. Mama Cherehani alikuwa amekaa juu ya kitanda kisicho na godoro, amevaa nguo za kutokea, plasta imeshatolewa, mikono mapajani. Pazia halina vikaratasi. Vyote vilikuwa ndani ya kopo miguuni pake.

"Umekuja kuniaga, shemeji."

"Nimekuja kusema." Nilibaki nimesimama. Sweta nilikuwa nimelishika mkononi. "Fimbo uliichomeka. Nikaikuta imesimama. Nikaing'oa."

Binti akaacha kufunga mfuko.

"Nilidhani ni ya kinyozi. Nilitaka kumtania. Nikafungua njia bila kusubiri. Nilipojua ni yako nikaitupa bondeni, nikasema sijaona. Uliponiuliza hapa, pale pale ulipokaa, nikasema tena sijaona. Maji hayakuisomba. Na mlima sijapanda mara kumi na moja."

Hilo la mwisho sijui lilitokea wapi. Lilikuwa limepanga foleni nyuma ya mengine.

Binti alianza, "Baba, wewe! Wiki tano! Nimempeleka mama yangu kwa madaktari watatu..." Mama Cherehani akainua kiganja kumzuia.

"Kwa hiyo nilichomeka," akasema.

"Ulichomeka."

"Katikati ya njia?"

"Katikati. Wima kabisa."

"Sema tena."

"Uliichomeka wima katikati ya njia, shemeji, na mimi niliing'oa."

"Tena. Mgeukie yeye."

Nikamgeukia binti nikasema tena. Wapagazi nao walisikia, na jirani mmoja aliyekuwa anaanika nguo, na vizuri sana kwamba alisikia, maana mtaa mzima ulikuwa nalo kabla sijafika nyumbani.

Mama Cherehani akainama, akachukua lile kopo la vikaratasi, akanikabidhi. "Hivi ni vyako," akasema. Kisha akawageukia wapagazi. "Wanangu, rudisheni cherehani dirishani. Polepole, mguu wa kushoto una hitilafu."

"Mama..." akasema binti.

"Na godoro."

Akanitazama mara ya mwisho. Nilingoja anitukane, ningekwenda nyumbani mwepesi. Alisema, "Toka, shemeji," kwa sauti ile ile ya kila siku, ya kumwambia mteja njoo Alhamisi.

Sweta nimeliacha kizingitini.

Jumapili, 5 Mei

Nimevisoma vyote. Kile alichobana siku niliyopeleka fimbo kimeandikwa: "Shemeji ni mtu mzuri. Usibishane naye."

Jumamosi, 11 Mei

Nimerudia kila kitu mbele ya klabu. Kinyozi hakutania. Nilimtazama nikimwomba atanie. Alikuwa anakagua kucha zake.

Muuguzi alivua filimbi yake, akaishika, akaivaa tena. "Mimi ndiye niliyemzuia kwenda mlimani," akasema. "Nitakwenda kwake kwa magoti." Kisha akaniambia nisitembee na klabu msimu huu, na ujao tutaona. Nikasema ndiyo, muuguzi. Akauliza kwa nini niliteremka lile bonde peke yangu, mzee mzima, ningekufa. Nikasema kufa kungekuwa rahisi zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu Machi sikuwa napiga chuku.

Jumatatu, 13 Mei

Hakuna mteja.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zimekatika. Anga kama sahani iliyooshwa.

Kinyozi amevuka barabara na mfuko. Ameuweka juu ya meza bila kunitazama sana. "Za Mama Cherehani. Soli mpya. Safari ni Jumamosi." Akafika katikati ya barabara akageuka. "Babu. Hicho kibanda cha nne. Nikikikuta nitakuletea rangi yake."

Nimezivua soli za zamani nikakuta kokoto ya kijito imeganda kwenye kisigino. Nimeiweka mfukoni.

Alhamisi, 23 Mei

Shemeji,

Ukurasa huu nimeuchana kwenye daftari langu na nitauweka ndani ya buti la kushoto. Utakaposukuma mguu utaugusa, kwa hiyo usiogope, si panya.

Soli nimezishona mara mbili, nikazipiga gundi, nikazishona tena. Hazitabanduka. Mkia wa safari nasikia ni muuguzi mwenyewe, na yeye hana utani. Chomeka fimbo yako popote utakapobanwa.

Msamaha siombi. Nimeandika neno hilo mara tatu nikalifuta, utaona karatasi imetoboka. Lakini kuna kitu changu kimoja uko nacho. Kifuniko cha chupa yangu ya chai. Uliingia nacho hospitali tarehe thelathini Machi, na tangu hapo chai yangu inapoa kabla sijamaliza kiatu kimoja.

Ukishuka kutoka mlimani, naomba unirudishie. Usimtume binti, wala kinyozi. Kilete mwenyewe. Huna haja ya kusema lolote. Kiweke tu juu ya meza, hapo kwenye misumari, nami nitageuza uso upande wa pili mpaka uondoke.